Vikonyo vya Kijani

Wewe ungefanyaje, kama maua ya pilipili yako yangeanguka kila asubuhi na mkosaji humjui?

Siku hiyo Bibi aliokota saba, akayapanga kwenye kifuniko cha sufuria. Jana matano, juzi sita. Ndoo tatu kibarazani, miche imenona, majani mapana, na hata pilipili moja haijashika.

Ndoo zile zilikuwa ahadi. Alipofika kwa mwanawe kuuguza mguu wake uliovunjika, alisema mwenyewe mezani: "Pilipili ya kwanza ikiiva, nachukua mbegu zangu narudi kwangu. Sitaki kuwa mzigo wa mtu." Mwanawe, dereva wa lori asiyelala nyumbani ila Jumapili, alicheka. Mkwewe aliondoa vyombo.

Mguu ulishapona siku nyingi. Zilibaki pilipili, na mke wa mwanawe asiye na maneno.

Alikuwa na neno moja tu. Kila jioni akitoka kazini, hata viatu hajavua: "Zimeshika, Mama?"

"Bado."

Basi, anapita zake ndani.

Ana haraka na mimi huyu, Bibi akawaza. Akajitahidi aondoke kwa heshima. Alisogeza ndoo ukutani, jua la saa nane lisiziunguze. Alichomeka kidole udongoni kabla ya kumwagilia, maana mizizi ikiogelea mche hutupa maua. Aliacha mbolea ya kuku, iliyokuwa inanenepesha majani tu. Aligeuza jani moja moja kutafuta wadudu. Asubuhi alitikisa vitawi ili chavua idondoke, polepole, kama anayebembeleza mtoto.

Maua yakazidi kuanguka.

Hapo ndipo alipovaa miwani. Ua linalodondoka lenyewe, kikonyo chake huwa kimeshageuka njano. Hivi vilikuwa vya kijani kibichi, na ncha zake zimekatwa kwa ukucha.

Bibi akaketi. Ilikuwa Jumatano. Nyumba nzima ilikuwa na watu wawili.

Kumbe hata mbegu ananinyima. Anataka nitoke mikono mitupu.

Alinunua pilipili mbili kali sokoni, akaziponda, na jioni akapaka maji yake kwenye kila kikonyo kwa unyoya wa kuku, bila kuruka hata kimoja.

Asubuhi aliwahi mezani. Mkwewe akaja na birika la chai mkono mmoja, mwingine ameufumba. Macho mekundu, yamevimba, machozi yanachuruzika mpaka kidevuni.

"Macho yamekuwaje, mwanangu?"

"Vumbi, Mama."

"Vumbi la kibarazani?"

Mkwe alitua birika.

"Ungeniambia nenda, ningefunga mizigo siku hiyo hiyo," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa hiyo mbaya zaidi. "Kama mimi nilikukosea, sawa. Maua yangu je?"

Mkwe alifumbua kiganja. Yalikuwemo maua manne meupe, yamesinyaa kwa jasho.

"Zikishika utaondoka," alisema. "Sitaki uondoke, Mama."