Mbuzi Nyuma ya Uzio

Edah aliisukuma nguzo kwa bega, akaisukuma tena kwa nyonga, nayo haikutikisika. Hapo ndipo alipozidi kumshuku jirani yake Mutai.

Katika mtaa wao wa Gaithersburg, Marekani, hakuna mwanamume anayetengeneza uzio kabla ya kuonywa mara mbili. Kila mwisho wa Novemba ni yale yale: nguzo zimelegea, geti linaburuza chini, majani makavu yamerundikana penye mbao mpaka zinaoza, na theluji ikija inamalizia kilichobaki. Lakini uzio wa Mutai! Nguzo zimemwagiwa zege jipya. Mbao zimepakwa dawa ya kuzuia maji, misumari haina kutu, na kila mwanya kati ya ubao na ubao umezibwa, juu mpaka chini.

"Umeziba hata pa kupitia upepo," Edah alisema. "Storm ikija itaangusha hii fence yote."

"Nitaiinua tena, mama. Huo upepo ndio sitaki uingie."

"Kwani fence nayo inasikia baridi?"

Mutai alicheka kidogo, macho yakamponyoka kuelekea kibanda cha zana kilichokuwa pembeni mwa ua. Edah naye akayafuata.

Zamani Edah alikuwa matroni wa hospitali huko Kericho, na mtu aliyewahi kutawala wodi hawezi kukaa bure nyumbani kwa bintiye. Mwaka huu chama cha wenye nyumba kilimchagua kukagua uzio wa kila nyumba kabla ya baridi, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo, naye aliipokea kama aliyepewa wizara. Kila ujumbe aliouweka kwenye grupu la WhatsApp uliishia na "Usipoziba ufa utajenga ukuta," hata kwa majirani wasiojua Kiswahili. Wayne, mwenyekiti, alimpongeza, kisha akasema kwa tabasamu kwamba sasa wataona kama atawabana hata watu wa kwao. Neno hilo Edah hakulisahau. Akipoteza kiti hicho, atarudi kuwa nyanya wa kubadilisha nepi.

Na malalamiko yalikuwa yamemfikia: jirani alisikia kitu kikikohoa nyuma ya uzio wa Mutai.

"Mutai, mwanangu, mimi si mzungu wa kudanganywa. Hizo nyasi kavu umezungushia kibanda ni za nini?"

"Za... za shamba."

"Shamba linakohoa?"

Mutai akasogea kukinga mlango wa kibanda.

"Na hiyo sufuria ya ukoko wa ugali hapo mlangoni? Sema tu. Umeficha mbuzi."

Uso wa Mutai uliokuwa umekunjamana ukafunguka polepole.

"Mbuzi," akasema. "Eh, mama, umenishika. Ni mbuzi. Wa Krismasi."

Edah alijisikia vizuri sana. Miaka yote ya Marekani haikuwa imemtia kutu. Tena mate yalimjaa mdomoni, maana hakumbuki lini mara ya mwisho alikula nyama ambayo haikutoka kwenye friza.

"Anakohoa tangu lini?" akauliza, uuguzi ukimrudia.

"Wiki mbili."

"Mpe maji moto, tangawizi na asali."

"Nimempa, mama. Na tembe pia. Na blanketi langu."

"Blanketi! Mbuzi wa Amerika wana bahati."

Alicheka, lakini alimwonea huruma. Mdogo wake Mutai, Kibet, alikuwa amerudi Kenya kiangazi viza ilipokwisha, na mtu akibaki peke yake hata mbuzi atambembeleza. Kanisa zima lilimuaga kijana huyo kwa keki na maombi. Edah mwenyewe alimpa chupa za vitamini ampelekee dada yake Kericho, na mpaka leo hazijafika. Vijana wa siku hizi!

Huruma hiyo, hata hivyo, ilikuja imechelewa. Kabla hajatia mguu kwa Mutai, Edah alikuwa ameshawapigia maafisa wa wanyama wa kaunti, na kumwandikia Wayne kwamba kwake hakuna cha ndugu wala jamaa.

"Mutai, usinikasirikie. Nimeita watu wa kaunti. Wako njiani."

"Watu gani?" Mutai aligeuka kutazama geti. "Mama, watu gani?"

"Wa wanyama. Watamchukua, watakupiga faini, basi."

"Wanakuja na polisi?"

"Kwani huyo mbuzi wako ni jambazi?"

"Mama, tafadhali wapigie. Waambie ulikosea. Mimi namtoa saa hii, nampeleka Delaware kwa rafiki yangu Cheruiyot. Hutamsikia tena."

"Niseme nilikosea?" Edah alishtuka kweli. Tangu avae kofia ya umatroni hakuwahi kutamka maneno hayo. "Na Wayne anione namna gani? Sheria ni sheria, mwanangu."

Mutai hakungoja amalize. Alikimbilia ndani ya nyumba kutafuta funguo za gari.

Edah akabaki peke yake uani. Moyo ulimuuma, hakuna haja ya kuficha. Kumnyima mtu mbuzi wake wa Krismasi ni dhambi ndogo, lakini ni dhambi. Huko barabarani gari lilipunguza mwendo, likasimama mbele ya nyumba, na milango yake ikafunguka. Akaona si vibaya kumuaga mnyama kabla hajapakiwa. Alikisogelea kibanda, akainama, akagonga mlango kwa kidole huku akijichekea.

"Hodi, mbuzi!"

"Karibu, mama," sauti ya kiume aliyoizoea kanisani ikamjibu kutoka ndani. "Ingia, huko nje ni baridi."