Kitenge cha Kufutia Machozi

Bernardine alifiwa na mume asubuhi, na kufikia saa nane mchana hakuwa ametoa hata chozi moja.

Wifi yake Clémence, aliyekuja mbio kutoka Oruchinga, alikaa mbele yake mkekani akimkagua macho kama mtu anayenunua mbuzi.

"Wifi, macho iko kavu hivi juu ya nini? Ama ni wewe ulimuua ndugu yangu?"

Waombolezaji wakageuka. Angekosea hapo, ukoo wa mume ungemfukuza kwenye nyumba kabla udongo wa kaburi haujakauka.

"Ninalia ndani," akasema Bernardine.

"Ndani hatuoni. Lia nje!"

Mumewe, Ladislas, alianguka baa huko Kabingo baada ya kumaliza jerikani la tonto, pombe ya ndizi, na mwenye baa ndiye aliyetangaza kwamba amekufa. Mwili ulikuwa bado na joto, lakini chini ya mabati ya kambi ya Nakivale hata jiwe lina joto.

Miaka tisa ya ndoa, Ladislas alipiga marufuku pilipili nyumbani. Ikipita tu mlangoni, alipiga chafya mpaka majirani wakampa pole. Bernardine akala maharage kwa chumvi, huku akinusa vyungu vya wenzake.

Basi maiti ilipoingia kwa mbele, yeye alitoka kwa nyuma. Akaomba kwa jirani pilipili nyekundu ya kusagwa, ile ya soko la Mbarara, inayonukia moshi na tunda lililoiva. Akamwagia maharage ya jana. Ulimi ukawaka, masikio yakawaka, kisha utamu ukaja taratibu nyuma ya moto. Hakuwa amefurahi hivyo tangu azaliwe. Mtu wa namna hiyo atalia vipi?

Kilibaki kijiko kimoja. Sasa, Clémence alipomtaka alie nje, akaingia jikoni, akakimimina kwenye pindo la kitenge, akajifuta macho.

Mungu wangu! Alilia mpaka katekista akasahau rozari imefika wapi.

"Kumbe alimupenda," Clémence akasema, naye akalegea. "Nenda umuage bwana yako."

Bernardine akainama juu ya jeneza na, kama mjane mwema, akampangusa marehemu uso kwa pindo lilelile.

Ladislas akapiga chafya.

Hasara: jeneza moja, kijiko kimoja cha pilipili, na miaka kumi na miwili mingine, mpaka leo, ya maharage kwa chumvi.