Fundo la Kazuyo

Kazuyo alilivuta fundo kwa kidole kimoja tu, na furoshiki, kile kitambaa cha kufungia zawadi, ikafunguka yote. Kisanduku cha keki za maharagwe kikaanguka mkekani.

"Hii ndiyo zawadi ya kumpelekea bosi wa mumeo? Mtoto wa chekechea anafunga kitambaa vizuri kuliko wewe!"

"Vidole vinaniuma, mama."

"Vimefanya nini?"

"Vilibanwa na mlango."

"Ehee. Milango ya nyumba hii ina meno siku hizi."

Chizuru aliinamisha kichwa. Masaru, mumewe, ndiye aliyevipinda vidole hivyo jana, eti supu imepoa. Kazuyo, mama mzazi wa Masaru, alikuwa ameketi palepale, akitafuna figili zake za chumvi bila kuinua macho.

Kazuyo akaenda kabatini, akarudi na nguo za mkamwana wake tele mikononi. Akazibwaga juu ya furoshiki kubwa ya pamba, akazikusanya, akakaza pembe za kitambaa kwa vidole vyake vilivyowahi kuvunjika vikaunga vibaya, viwili havikunjiki. Fundo likashika kama kufuli.

"Nimechoka kukutazama. Toka."

"Mama, Masaru akirudi asiponikuta—"

"Masaru yuko kazini mpaka jioni. Treni ya saa sita hiyo inakuja. Au unataka nikuburute mtaa mzima uone?"

Jirani aliyekuwa akianika nguo akasimama kusikiliza. Kazuyo akazidi kupaza sauti: "Na usirudi! Nyumba yangu si jaa!"

Chizuru aliteremka kwenda stesheni ya Matsue, kifurushi begani, akilia kwa hasira. Alikuwa amemsugua yule kizee mgongo, amemfungia chakula chake cha mchana kila siku ya Mungu, na shukrani yake ndiyo hii. Akaapa kwamba hata mazishi yake hatayakanyaga.

Treni ilikuwa karibu tupu. Akaketi dirishani, akafumba macho. Milango ikiwa karibu kujifunga, mtu akajitupa kwenye kiti cha kando yake, akihema, amepakata kifurushi kikubwa.

"Hebu sogea," alisema Kazuyo. "Na ufute hayo makamasi, unaniaibisha. Tangu enzi za baba yake Masaru natafuta mtu wa kutoroka naye."