Ngozi ya Kuvutika

Siku hizi kila mtoto akizaliwa anabandikwa kifuani ngozi ya plastiki yenye saketi, inayovutika kadiri anavyokua na kuandika analilia nini. Kulwa akamzuia nesi mlangoni.

"Wa kwangu habandikwi. Kambandike mbuzi wako."

"Sawa, baba," nesi akasema, akavuta kiti barazani. "Mtaniita wenyewe."

Mtoto akaanza kulia. Mkewe, Nyamizi, akampa ziwa, akalikataa. Akambadilisha nepi, wapi. Mama yake Nyamizi akaja, naye akabaki kukikodolea macho kile kifua kitupu, maana hata yeye alilea kwa kusoma ngozi.

"Muite nesi, Kulwa," mkewe akasema. "Ana nini huyu?"

"Sijui. Hata wewe hujui." Kulwa akamlaza mtoto begani, akaufunga mlango kwa teke. "Leo tutajifunza kumsikiliza."

Kilio kikazidi, na kule barazani kiti cha nesi hakikusogea.