Mota Goigoi

Zawadia, fundi wa redio, aliweka mota mbili mezani ili mzee achague ya kufunga kwenye kigari chake cha rimoti. "Hii ina mbio, babu. Hii nyingine ni goigoi tu."

Mzee Mkanga alikuwa mchonga mawe mpaka magoti yalipogoma. Aliziwasha, akabana ncha ya kila moja kwa vidole. Yenye mbio ikasimama papo hapo. Goigoi ikaendelea kuzunguka, ikamchuna ngozi.

"Nifungie hii."

Jioni, akiwa kitini chini ya jabali alilozoea kulipanda, alikiachia kigari. Kikakwea ufa kwa ufa, kikateleza, kikang'ang'ania, mpaka kileleni. Mzee akavua kofia.

"Haya," akakiuliza kwa sauti ya chini, "kukoje huko siku hizi?"