Kicheko cha Kigego

Siwatu aliota meno ya juu kwanza, basi wakamwita kigego, eti atakayemwona akicheka atakufa. Wenzake wakamkimbia, naye akazoea kuziba mdomo.

Siku moja akamkuta Bundi amejikunyata juu ya ghala.

"Babu, eti ukilia mtu hufa?"

"Ndivyo wasemavyo, mjukuu wangu. Mbona umeziba mdomo?"

Siwatu akamweleza.

"Ala! Basi mimi nilie, wewe ucheke, tuone nani atakufa."

Bundi akalia. Siwatu akaangua kicheko, meno yote nje. Wakatazamana: wazima wote. Ila kelele zile zilimtoa panya ghalani, Bundi akamdaka.

"Kumbe kweli tunaua, Babu!"

"Njoo na kesho."

Tangu hapo mtama haukuguswa, na wanakijiji hawajui wamshukuru nani.