Mpaka Ukingo

Pale kwenye bomba la maji la kambi ya kampani, kule Panda, wamama walisema mutu akipasuliwa kichwa anarudi hamujui tena mama yake. Maneno hayo yalinikaa moyoni hata siku mapadri walipomurudisha mutoto wangu Clotilde kutoka Ulaya, kichwa kimefungwa kitambaa.

Mikono yake ilitetemeka tangu utoto, kama ya baba yake na ya babu yake. Munganga wa hospitali ya kule Ulaya, Mungu amubariki, alimupasua kichwa mutoto akiwa macho, anaongea naye, mpaka akakuta mahali pa kutuliza mukono wa kuume.

Nilimimina chai nusu kikombe, kama tulivyowamiminia sikuzote watu wa ukoo ule, wasimwage.

"Hapana hiki, Mama. Ile kikombe ya buluu ya baba iko wapi? Na ujaze!"

Nikajaza mpaka ukingo. Mukono wa kushoto ulikuwa bado unatetemeka mapajani. Wa kuume ukainua kikombe, ukakifikisha kinywani. Meza ikabaki kavu.

"Weye Mama, unalia nini? Leta sukari."

Wamama wenzangu, musiwafunge watoto wa kutetemeka mikono kwa kamba. Musiseme wamerogwa. Musisikilize maneno ya bombani. Na wakirudi, musiwamiminie nusu.